Mwaka Niliojifunza Kushika Taya

Hamisi alizikwa siku ileile aliyofariki, kabla mimi sijafika hata Kisumu. Sisi Wajaluo tumezoea kumpa marehemu muda wake: turubai lifungwe, ng'ombe apatikane, mtoto aliye Mombasa afike, hotuba zisomwe mpaka jua lichoke. Kwa hiyo nilipopigiwa simu asubuhi kwamba ameaga kwao Mumias, nilipiga pasi gauni, nikaomba ruhusa kazini, nikasafiri kama mtu mwenye wiki nzima mbele yake. Nilikuta udongo mbichi na wanaume wakikunja mikeka. Mjane wake alinikaribisha ndani, akanipakulia wali, akawaambia wanawake waliokuwa pale, "Huyu ndiye yule msichana wa taya. Marehemu alikuwa akimtaja." Nililia hapo hapo, sahani mkononi, wala sioni haya kulisema. Wale wanawake walinitazama taya wasione ajabu yoyote. Njiani nikirudi niliona afadhali niuandike mwaka ule, maana waliobaki wa kuukumbuka ni mimi na Marwa, na Marwa si mtu wa kuandika.

Nilikuwa muuguzi kijana, nimetoka wodi ya wanaume Migori, nikapelekwa Homa Bay kufanya kazi kwenye gari la wagonjwa mahututi. Tulikuwa watatu. Hamisi alikuwa mtaalamu wa nusukaputi, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa, Mwislamu wa Mumias ambaye Kijaluo chake kiliishia kwenye salamu. Marwa alikuwa dereva, Mkuria wa kule mpakani, mtu wa maneno mengi na breki chache. Mimi ndiye niliyeijua lugha ya wagonjwa wengi, kwa hiyo nilikuwa muuguzi na mkalimani kwa mshahara wa mmoja. Kati yetu tuliongea Kiswahili, kila mmoja na lafudhi ya mama yake, na Marwa alidai chake ndicho bora kwa sababu kimevuka mpaka wa Tanzania mara nyingi.

Tulipewa chumba nyuma ya dobi la hospitali. Ukuta ulikuwa na joto siku zote kwa sababu upande wa pili walichemsha mashuka, na harufu ya sabuni iliingia hadi kwenye mkate. Kulikuwa na benchi refu, jiko la umeme lenye koili moja iliyokubali kuwaka, na dirisha lililotazama mahali pa kuegesha gari. Wanawake wa dobi waliongea kwa sauti kuu kuliko mashine zao, nasi tulijua habari za hospitali kabla ya daktari mkuu kuzijua: nani amehamishwa, nani amefumaniwa, nani ameokoka. Hamisi alipika maharagwe na chapati. Marwa alibeba ugali wa muhogo na wimbi kutoka kwao, mweusi na mgumu, na kila nilipofungua bakuli langu la omena alisogeza kiti. "Sista, hizo samaki zako zinaniangalia," alisema. "Mtu anakulaje kitu iko na macho mia?" Kisha angemega tonge, achovye kwenye mchuzi wangu, na macho yale mia yasimsumbue tena.

Sasa ninafundisha, na wanafunzi wangu wana kifaa chenye skrini kinachowaonyesha koo la mgonjwa kama televisheni. Wanapenda mrija. Siwalaumu, hata mimi niliupenda. Nilikuja Homa Bay nikiamini kwamba kazi yote ni mrija: mgonjwa ameshindwa kupumua, unaingiza chuma mdomoni, unaona njia, unapitisha mrija wa plastiki hadi kwenye koo la hewa, watu wanakutazama kwa heshima. Wiki ya kwanza nilimwomba Hamisi anifundishe. Akalala chali juu ya benchi, akafumba macho, akasema, "Nishike taya." Nikamshika. "Hiyo ni shingo. Unaninyonga." Nikamshika tena. Akanieleza kama anayemweleza mtoto wa shule kwamba mtu akizimia, ulimi wake hulala nyuma na kuziba njia, na kwamba wengi wanaokufa garini hawafi kwa kukosa mrija, wanauawa na ulimi wao wenyewe huku muuguzi akitafuta vifaa. Ukiliinua taya kwenda mbele, ulimi unafuata, hewa inapita. "Mrija ni wa baadaye," alisema. "Vidole ni vya sasa."

Alinifanya nifanye zoezi hilo mpaka vidole vikaota sugu. Marwa akilala mchana kwenye benchi, akikoroma, Hamisi aliacha kula akanionyesha kwa kidole: "Sikiliza. Hiyo ni njia iliyozibwa nusu. Nenda ukaifungue." Mara ya kwanza niliponyanyua taya la Marwa, mkoromo ulikatika papo hapo, naye akaamka akirusha ngumi, akiapa kwa Kikuria. Baadaye alizoea. Alikuwa akifumba macho na kusema, "Njoo ufanye mtihani wako, sista, lakini nawa mikono kwanza, unanuka omena." Mimi nilikasirika kimyakimya. Miezi ilipita, tulikwenda Karungu, tukaenda Rangwe, tukawabeba wa ajali na wa pumu na waliokunywa sumu, na kila mara mimi nilishika taya na yeye akashika chuma. Nilihisi nimefanywa kigingi.

Jambo jingine lililonichosha lilikuwa swali lake. Kabla ya mgonjwa yeyote kupakiwa, Hamisi alitaka kujua amekula nini na lini. Alilipenda swali hilo kiasi cha kuudhi. Nilimwambia siku moja kwamba hata Waswahili walisema mgonjwa haulizwi uji. Akacheka mpaka chapati ikamkwama. "Nyumbani haulizwi," alisema. "Kwenye gari langu ataulizwa." Sababu aliifafanua mara nyingi. Mtu asiye na fahamu hawezi kujikinga na kilicho tumboni mwake. Ukimpulizia hewa kwa ule mfuko wa mpira, nyingine huingia tumboni na kukisukuma chakula juu. Ukimpa dawa ya kulegeza misuli ili upitishe mrija, kila mlango unafunguka. Kinachopanda hushuka mapafuni, na mapafu hayajui uji.

Safari ninayotaka kuieleza ilianza mchana, upande wa Magunga. Msichana aitwaye Lavenda alikuwa amejifungua alfajiri kwenye kituo kidogo cha afya, kisha presha ikampanda na kifafa cha mimba kikamshika wakati watu wanadhani mambo yamekwisha. Muuguzi wa pale, mwanamke makini, alikuwa amempa dawa ya kuzuia kifafa na ya kushusha presha, akatuita. Tulimkuta amelala ubavu, mzito, anafungua macho akiitwa na kuyafumba tena. "Hajapewa kitu cha kula," muuguzi alituambia. "Nimewakataza wote." Pembeni ya kitanda alisimama mama mkwe wake, mwanamke mrefu waliyemwita Min Ouma kwa jina la mwanawe, na mtoto mchanga amemfunga kifuani kwa leso. Mume mwenyewe, Ouma, alikuwa Migori kikazi.

Nje kwenye varanda, nikisaidia kuandaa machela, niliwasikia wanawake wawili wakinong'ona, na kunong'ona kwa Kijaluo ni jina tu. Walisema Lavenda na mama mkwe hawajasalimiana tangu mvua za kupanda. Kwetu mkaza mwana hatii mbegu shambani kabla ya mama wa mji kupanda kwanza, na Lavenda, ambaye alisoma kidogo na alikuwa na haraka na mvua, alikuwa amepanda mahindi yake siku moja kabla. Wengine walisema kifafa ni chira, laana ya kuvunja mwiko, iliyotokana na mbegu zile. Wengine walikuwa na wazo jingine, nao waliyavuta maneno polepole: kwamba mama mwenye hasira si mtu wa kuachiwa mgonjwa. Nilibeba upande wangu wa machela nikaingia ndani. Mambo ya namna hiyo tuliyasikia kila safari.

Tuliondoka na Lavenda akiwa ubavu wa kushoto, oksijeni usoni, mimi kichwani kwake, Hamisi kando, Min Ouma kwenye kile kiti kidogo karibu na mlango na mtoto kifuani. Barabara ilikuwa ya mawimbi ya udongo, na kando yake ua wa mbuga ya Ruma, ambako mbung'o hukimbizana na gari na kugonga vioo. Tukiwa katikati ya pori hilo, Lavenda akakakamaa. Hamisi alimchoma dawa, akagonga ubao wa dereva. "Marwa, simama." Kifafa kiliachia, lakini baada yake ukaja ule mkoromo niliokuwa nikiufungua kwa Marwa kila mchana, na kifua kikawa kinabonyea ndani badala ya kuinuka. Midomo ikaanza kuwa na rangi mbaya. Nilinyanyua taya. Hewa ikapita, nikaisikia, midomo ikarudi kidogo. Nilidhani tumemaliza kazi, lakini Lavenda hakuamka. Pumzi zake zikawa fupi, zikawa chache, kama mtu anayesahau.

Hamisi tayari alikuwa amefungua begi lake. "Lazima tumpumulie," aliniambia. "Muulize mama. Amekula?"

Nilimuuliza. "Ooyo," akasema Min Ouma, hapana, na macho yake yakaenda kwenye mlango wa gari.

Nikatafsiri hapana. Hamisi hakuwa akinitazama mimi, alikuwa akimtazama yule mama. "Muulize tena," alisema. "Usimuulize kama polisi."

Watu wa nje hawawezi kuelewa uzito wa swali lile mahali kama kwetu. Mtu akifa, kabla hata mkeka haujatandikwa, kuna atakayeuliza marehemu alikula kwa nani mara ya mwisho. Min Ouma alijua hivyo kuliko mimi. Akikubali kwamba alimpa kitu, na Lavenda afie pale kwenye vumbi, basi mji mzima utakuwa na jibu lake, na mbegu zile za mahindi zitakuwa ushahidi. Akinyamaza, Hamisi atampa Lavenda dawa na kumpulizia kama mtu mwenye tumbo tupu. Nilikuwa nimelishika taya kwa mikono miwili, siwezi hata kumgusa mkono. Nilimwambia kwa Kijaluo, kwa sauti ya mtu anayeongea naye jikoni, "Mama, mzazi hawezi kukaa hivihivi, maziwa yatatoka wapi? Ulimkorogea wa wimbi ama wa mtama?"

Alinitazama. Mtoto alikuwa akijinyonganyonga ndani ya leso. "Wa wimbi," alisema. "Nikautia ndimu."

"Aliumaliza?"

"Kikombe kile kikubwa. Alikuwa ameamka kidogo, nikamshikilia kichwa. Sista ametoka nje kuwangoja nyinyi." Kisha akasema, kwa sauti ndogo kuliko umbo lake, "Hawezi kwenda safari na tumbo la mtu aliyezaa, hakuna kitu ndani. Watu wangesema nini, kwamba nilimnyima?"

"Umefanya vizuri kuniambia," nilimjibu, nikamgeukia Hamisi. "Uji. Kikombe kikubwa, kabla tu hatujafika."

Nilitarajia angalau asonye. Alisema "Haya," kama aliyeambiwa chai iko tayari, na papo hapo akabadilisha kila kitu. Akainua kichwa cha machela. Akamwita Marwa nyuma, akamweka kwenye ile pampu ya kunyonyea inayokanyagwa kwa mguu. Akaniambia nisiache taya, na yeye akaukamua ule mfuko kidogo kidogo, hewa ya kijiko, isije ikaliamsha tumbo. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi kwa ajili ya nafasi na mbung'o waliingia kama walioalikwa. Min Ouma, bila kuambiwa na yeyote, alichomoa kitambaa chake cha kichwa akasimama akitupepea, mara uso wa Lavenda, mara shingo ya Hamisi, mara mimi. Hamisi alitoa dawa. Uji ukaja. Ulipanda wa kahawia, mwingi, na ndimu yake nikaisikia puani. Tulimgeuza ubavu, tukateremsha kichwa, Marwa akakanyaga pampu huku akinong'ona Kikuria, na mrija wa kunyonya ukafanya kelele ya mtoto anayemaliza soda. Tulipoweza kuona tena, Hamisi aliingiza chuma, akapitisha mrija, akasikiliza kifua huku na huku. "Umeingia," alisema. Baadaye kidogo akaongeza, "Kidogo kimeshuka. Lakini ni kidogo."

Alinipa mfuko niukamue. Nilikuwa nampulizia Lavenda kama anayekimbizwa. Hamisi aliweka mkono juu ya wangu. "Pumua wewe," alisema, "kisha umpe yeye." Nikapumua, nikampa. Nikapumua tena, nikampa. Hivyo ndivyo tulivyokwenda hadi Homa Bay, watu wawili kwa pumzi moja, na Marwa kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliendesha gari kama amebeba mayai. Sikumwonea tena Hamisi wivu kwa chuma chake. Leo nikiwafundisha vijana, sehemu ya mrija huichukua haraka. Ile ya kuuliza huwachukua muda mrefu, kwa sababu wanadhani swali ni lilelile vyovyote utakavyolisema. Nawaambia usimuulize mama kama alimlisha mgonjwa. Chukulia kwamba alimlisha, kwa sababu anampenda au kwa sababu anaogopa kusemwa, kisha muulize alimpikia nini.

Lavenda aliwekwa kwenye mashine. Kile kidogo kilichoshuka kilimletea homa ya mapafu, na kwa siku kadhaa hakuna aliyejua itaelekea wapi. Wakati wa mzunguko wa asubuhi daktari mmoja, aliyechoka na mwenye haki ya kuchoka, aliuliza kwa sauti ni nani alimlisha mgonjwa huyu, na Ouma alikuwa amefika, na kaka yake mkubwa, wa mama mwingine, alikuwa amefika. Swali lile halikutoka tena kwenye korido. Kaka mkubwa alilibeba. Nilimsikia akiwaambia jamaa waliokuja kwamba uji huo ulikorogwa na mtu ambaye hajamsalimu msichana tangu kupanda, na kwamba Mungu anaona. Min Ouma alikaa kwenye benchi la mwisho na mtoto. Watu waliokuja kumwona mgonjwa walipata viti vingine. Nilitaka kwenda kuwaeleza kwamba ni yeye aliyetuambia, na kwamba bila maneno yake tusingekuwa na mgonjwa wa kumtembelea. Nilikwenda, nikaeleza. Kaka mkubwa alinisikiliza kwa heshima, akasema, "Asante, sista. Kwa hiyo amekubali kwamba ni yeye." Nilirudi chumbani kwetu nikiwa na hasira hata Marwa hakuthubutu kuitania omena yangu.

Kisha mapafu yakaanza kusafika, na siku moja wakautoa mrija. Mchana huo mimi na Hamisi tulipitia wodini. Lavenda alikuwa ameegemea mito, midomo imekauka, sauti yake kama ya mtu aliyekuwa akishangilia mpira. Alinivuta mkono. "Sista," alisema, "nimezaa?"

"Umezaa. Msichana."

"Lini?"

Nikamwambia. Hakukumbuka kituo cha afya, hakukumbuka uchungu, hakukumbuka gari. Kitu cha mwisho alichokuwa nacho kichwani ni njugu alizokuwa akizimenya jioni ya siku iliyotangulia. Dawa zile na kifafa vilikuwa vimemfutia siku nzima. Hamisi aliuliza nasema naye nini, nikamtafsiria, akasema ni kawaida, siku ile haitarudi.

Ndipo walipoingia, Ouma, kaka yake, na shangazi mmoja. Min Ouma aliishia mlangoni na mtoto. Walisalimu, walimshukuru Mungu kwa zamu, kisha kaka mkubwa akaketi kwenye kiti cha pekee kilichokuwapo. "Mwanangu," alimwambia Lavenda, taratibu kabisa, "sasa umeamka, tuambie wewe mwenyewe. Ni nani alikupa uji siku ile?"

Lavenda alimtazama. Akamtazama mumewe, ambaye alikuwa akitazama sakafu. Kisha akaangalia mlangoni, kwa muda, kwenye uso wa yule mwanamke ambaye hakuwa akipeana naye salamu. Chumba kizima kilikuwa kikingoja, na mimi nilijua kwamba msichana huyu hata hakuwa na habari kwamba kulikuwa na uji.

"Mimi ndiye niliuomba," alisema kwa sauti yake iliyokwaruzwa. "Alikataa. Akasema sista amekataza. Nikamwambia asiponipa sipandi gari."

Hamisi aliniinamia. "Amesema nini?" Nikamnong'oneza. Alikunja uso. "Lakini si hakumbuki kitu?"

"Hakumbuki," nilisema.

Hamisi aliingiza mikono yake mikubwa mifukoni na kusogea ukutani, ili Min Ouma apate njia. Yule mama alipita katikati ya watu wote, akafungua leso, akamweka mtoto kwenye kifua cha Lavenda, na mikono yake haikutaka kuondoka hapo. Lavenda aliutazama uso wa mtoto, ambao kwake ilikuwa kama anauona kwa mara ya kwanza. Kisha akainua macho na kumuuliza mama mkwe wake, kwa sauti ya kusikika na wote, "Mama, umempa jina gani?"